Kama Uko na Laptopu Moja, Achana na Windows ya Majaribio

Meseji zimezidi, kwa hivyo leo naandika mara moja niwajibu wote. Ukisema tu mahali kwamba unajua kompyuta kidogo, watu hawakuachi. Wiki hii peke yake nimeulizwa swali moja na watu watatu: mmoja yuko Kiserian, mwingine Kitengela, na wa tatu ni jirani yangu hapa Oltepesi, ambaye alikuja mwenyewe akiwa na laptopu kwapani. Swali lilikuwa hili: "Bro, niliweka ile Windows mpya ambayo bado haijatoka, sasa imekataa kuwaka. Nafanya aje?"

Mimi huwa najibu kwa swali. Uko na kompyuta ngapi?

Wote watatu wako na moja. Moja, bana! Ya kazi, ya masomo, ya sinema na ya kutafuta kazi. Halafu umeichukua hiyo moja ukaitoa iwe ya majaribio.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaonuna. Windows ya majaribio si zawadi ya watu werevu, ni kazi. Ni kazi halisi, na haina mshahara. Kama uko na laptopu moja, ikatae hiyo kazi bila aibu. Kama uko na ya pili, hata kama ni mkweche, basi hapo nitakuomba kinyume chake: ingia, lakini uifanye kama kazi. Soma hadi mwisho uone kwa nini nasema vitu viwili vinavyoonekana kupingana.

Nilivyofunzwa na stima

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua nilisomea mambo ya kompyuta chuoni hadi mwaka wa pili, karo ikakwama, nikatoka. Sifichi. Mzee wangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nianze muhula na ninunue laptopu. Karo ilienda na ule muhula. Laptopu ndiyo ilibaki. Ni ex-UK, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Nikafanya kazi kidogo kwa saiba moja Kitengela, kisha nikarudi nyumbani nikaanza kutengeneza video. Kila kitu mlichoona kwangu, kuanzia ile video ya kwanza ya mawe ya kale ya Olorgesailie, kilitoka kwenye hiyo mashine.

Sasa mimi nilikuwa napenda sifa. Nilitaka niwe yule msee wa kusema "nimeiona Windows kabla yenu". Nikajiandikisha kwa Windows Insider, nikachagua mlango wa mbele kabisa, unaoitwa Canary. Ukurasa ulinionya vizuri tu kwamba hayo matoleo hayajakomaa na yanaweza kuharibu mambo. Nilisoma? Nilibonyeza kukubali.

Desemba 2024 nikapata kazi. Mama mmoja wa duka la nguo Kitengela alitaka video sita fupi za matangazo ya Krismasi, shilingi 12,000, na akanitangulizia nusu. Siku tatu kabla ya kukabidhi, usiku, apdeti mpya ikaingia. Nikajiambia niiache ijifanye nikilala, asubuhi nitapiga video nyingine niseme kuna nini kipya. Nikabonyeza kuwasha upya.

Ikiwa asilimia sitini na kitu, stima ikapotea. Betri ya ex-UK mnaijua, dakika ishirini ni bahati. Ikazima.

Stima iliporudi, mashine ikawaka na skrini ya kijani. Kwa watumiaji wa kawaida skrini ya kuanguka ilikuwa ya bluu kwa miaka mingi, na siku hizi imefanywa nyeusi. Ya kijani ni yetu sisi wa majaribio, ili wahandisi wakiona picha wajue mara moja kwamba huyu alijitafutia. Ikajiwasha, ikaanguka, ikajiwasha tena. Mwishowe ikaniuliza kitu ambacho sikuwahi kukisikia: ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, tarakimu 48.

Mimi sikumbuki kufunga diski yoyote. Kumbe nilipoingia na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, diski ilijifunga kimyakimya na ufunguo ukahifadhiwa kwa akaunti. Akaunti nayo nilikuwa nimesahau neno la siri. Namba ya simu ya kulirudisha ilikuwa ya laini iliyopotea. Siku mbili nzima zikaisha nikihangaika kurudisha laini, kisha akaunti, kisha ufunguo.

Nilipoupata niliokoa video nilizokuwa nimerekodi, nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nikamaliza kazi tarehe 23. Yule mama alikuwa ameshapata mtu mwingine, na simlaumu, Krismasi haingojei mtu. Nikamrudishia shilingi 6,000 zake, ambazo nusu nilikuwa nimeshakula.

Jioni hiyo mzee akaniuliza, "Hiyo mashine ilikuwa mgonjwa?"

Nikamwambia, "Hapana, Baba. Nilikuwa nawajaribia watu Windows mpya."

"Watu gani?"

"Kampuni, huko Marekani."

Akanyamaza kidogo. "Na wanakulipa?"

Sikuwa na jibu. Lakini hilo swali ndilo limezaa hii makala, kwa hivyo twende nalo.

Kwani hii kitu ni nini hasa?

Microsoft ilifungua mpango wa Windows Insider mwishoni mwa Septemba 2014, pamoja na toleo la kwanza la majaribio la Windows 10. Watu walikimbilia. Ndani ya wiki mbili hivi kampuni ilitangaza waliojiandikisha wamefika milioni moja, na maoni yaliyotumwa yalikuwa zaidi ya 200,000. Hebu piga hesabu hapo. Hata kama kila oni lilitoka kwa mtu wake, watu wanne kati ya watano hivi walikuwa wamechukua toleo na kunyamaza. Walikuja kuona, kama mimi.

Machi 2023 milango ilifanywa kuwa minne. Canary ni ya mbele kabisa, vitu vibichi ambavyo vingine havitawahi kufika kwa watu. Dev inafuata, nayo bado ni moto. Beta ni toleo lililo karibu na lile ambalo umma utapata. Release Preview ni lile ambalo karibu linatoka, wanalikagua mara ya mwisho. Ukitaka kuonja tu, na huna mashine ya pili, mlango pekee ambao ningekuruhusu ni huo wa mwisho, na hata huo kwa roho nzito.

Kuna mambo matatu ambayo watu hawaelezwi.

Kwanza, hurudi nyuma kirahisi. Ukipanda Canary au Dev huwezi kuamka siku moja ukasema nimechoka, nirudishe kwa ya kawaida. Kuna siku 10 za kubatilisha, kwa sababu Windows ya zamani inawekwa kwa folda ya Windows.old. Zikipita, au ukiifuta hiyo folda kwa kutafuta nafasi, njia iliyobaki ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Pili, toleo la majaribio lina tarehe ya kufa. Ni kama maziwa ya pakiti. Tarehe ikikaribia linaanza kukukumbusha, ikipita linaanza usumbufu wa kujizima, na mwishowe linaweza kukataa kuwaka. Ukiendelea kupokea apdeti tarehe inasogezwa mbele. Ukikosa bando miezi kadhaa, saa inakufikia.

Tatu, unalipa kiingilio. Hutoi pesa, lakini ili ukubaliwe lazima uruhusu mashine itume taarifa za ziada kwa kampuni kuhusu inavyofanya kazi. Ongeza bando. Toleo moja ni gigabaiti kadhaa, na yanakuja mara kwa mara. Mtu wa faiba haoni kitu. Wewe wa hotispoti ya simu ni hela yako ya wiki inaenda.

Kwa hivyo jibu la swali la mzee ni hili: hapana, Baba, hawanilipi. Mimi ndiye nawalipa.

Mafundi, tuongee

Hapa ndipo jambo linakuwa zito zaidi, kwa sababu wengine hawajui hata kama wako kwa majaribio.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kwa upande wa Intel ni prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Sasa angalia laptopu za ex-UK zilizojaa huku kwetu. Nyingi ni kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Mashine nzima, haina kasoro, lakini mlangoni imekataliwa.

Mteja anaenda kwa fundi: "Niwekee Windows 11." Fundi mwaminifu atamweleza masharti. Fundi mwingine atatafuta faili yoyote ya Windows 11 iliyo kwa flashi, aruke masharti kwa programu kama Rufus, apokee pesa yake, kwaheri. Na wakati mwingine hiyo faili ni ya majaribio. Nimekutana na mashine mbili za namna hiyo mwaka huu. Mwenye moja ni mwalimu, na mitihani yote ya darasa lake ilikuwa humo. Aliniambia, "Kuna maandishi fulani hapo chini kwa kona, fundi alisema ni ya urembo." Maandishi yenyewe yalikuwa yanasema ni nakala ya tathmini, na namba ya toleo. Tarehe ya kufa ilikuwa imebakisha wiki tano.

Historia ipo, si maneno yangu. Windows 11 ilipotangazwa tarehe 24 Juni 2021, waliokuwa tayari kwenye mlango wa Dev na mashine zisizotimiza masharti waliruhusiwa kuijaribu. Ilipotoka rasmi tarehe 5 Oktoba mwaka huo waliambiwa warudi Windows 10, na kurudi kwenyewe ni kwa kufuta na kuanza upya. Kazi yao ilikuwa imeisha. Kwa hivyo usijidanganye kwamba majaribio ni mlango wa nyuma wa kubaki na mashine ya zamani. Ni chumba cha wageni.

Ukiwa na ex-UK iliyokataliwa, njia safi ni hizi. Windows 10 toleo la 22H2 ina mpango wa nyongeza wa usalama kwa watumiaji wa nyumbani, uliotangazwa hadi 13 Oktoba 2026. Ni dola 30, au bila malipo ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko. Njia nyingine ni Linux, kama Mint, ambayo kwa kuandika na intaneti inatosha kabisa. Hakuna kati ya hizo yenye tarehe ya kufa iliyofichwa kwa kona.

Na mafundi wangu, nawapenda, nimekuwa mmoja wenu. Ukimwekea mtu toleo la majaribio bila kumwambia, hujamsaidia. Umemwachia deni ambalo hajui anadaiwa.

"Sasa kama kila mtu akikataa, nani atajaribu?"

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hilo swali hapo chini. Ni swali zuri, na ndilo linanizuia nisiseme tu "tokeni wote".

Mwaka 2018, tarehe 2 Oktoba, Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 linaloitwa 1809. Baada ya siku nne likasimamishwa, kwa sababu kuna watu waliamka wakapata hati na picha zao zimefutwa. Zaidi waliumia wale waliokuwa wamehamishia folda kama Documents kwenye diski nyingine, na nyingine zikabaki pale pa zamani. Kampuni ilisema ripoti za waliopoteza ni chache sana, asilimia 0.01 ya waliolisakinisha. Toleo lilirudi tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa.

Sasa kinachouma ni hiki. Wajaribu kadhaa walikuwa wameshasema. Waliandika kwenye Feedback Hub, ile programu ya maoni, kwamba faili zao zimepotea. Lakini maoni yalikuwa yanapanda juu kulingana na watu wangapi wameyaunga mkono, na hayo yaliungwa na wachache. Yakazama chini ya maoni ya rangi na vitufe. Zaidi ya hapo, toleo hilo lilienda kwa umma bila kupitia ule mlango wa mwisho wa Release Preview. Baadaye kampuni iliongeza mahali pa kuonyesha uzito wa tatizo, si wingi wa kura tu.

Hilo linanifunza mambo mawili. Moja, mjaribu aliyenyamaza hana faida kwa mtu. Mbili, shida ya wachache inazama kama hao wachache hawapo kuipigia kelele. Na kwenye hii dunia ya kompyuta, sisi ndio wachache. Fikiria ni nani anajaza hii milango. Wengi ni watu wa mashine mbili tatu, faiba, stima isiyopotea. Apdeti ikikatika katikati kwa sababu stima imeenda, nani ataripoti? Ikimaliza bando la mwezi kupitia hotispoti, nani atasema? Diski ikiwa ndogo ya GB 64 na apdeti inataka nafasi ambayo haipo, nani atapiga picha atume?

Tukitoka wote, Windows inayofuata itakuwa imejaribiwa vizuri sana, lakini si kwa maisha kama ya Oltepesi. Itatufikia ikiwa rasmi, na hapo ndipo itakapotuvunjikia, bila skrini ya kijani ya kutuonya.

Kwa hivyo sisemi usijaribu. Nasema usijaribu na chombo chako cha mkate. Mtu hajaribu dawa mpya ya kupe kwa ng'ombe wake mmoja wa maziwa.

Kama umeshaingia, fanya hivi

Sawa, mahubiri yameisha. Hii sehemu ni ya wale watatu, na mwenzao yeyote aliyekwama usiku huu.

Jua uko wapi kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Ukiona tarehe ya kuisha, uko kwa majaribio, upende usipende. Iandike hiyo tarehe.

Tafuta ufunguo wako wa BitLocker leo, mashine ikiwa bado mzima. Ingia kwa akaunti yako ya Microsoft kupitia simu, utauona chini ya vifaa vyako. Uandike kwa karatasi, zile tarakimu zote 48, na hakikisha namba ya simu iliyo kwa akaunti ni ile unayotumia. Hii moja tu ingeniokolea siku mbili.

Nakili faili zako nje. Diski ya nje, flashi, popote, ila si kwa diski hiyo hiyo.

Apdeti ikikataa, usianze kubahatisha. Soma namba ya kosa. 0x80070070 maana yake nafasi imejaa, futa vitu, acha angalau GB 20 wazi. 0xC1900101 mara nyingi ni draiva. Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kipanya, ondoa antivirasi ya kuongezwa, sasisha draiva kisha ujaribu tena. 0xC1900208 ni programu fulani isiyoelewana na toleo jipya, itafute uiondoe.

Ikiwa inapakua na kukwama pale pale kila siku, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike hizi moja baada ya nyingine:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Hapo umeitupa ile stoo ya apdeti iliyooza, itaanza kupakua upya. Kwa hivyo hakikisha uko na bando. Ikiwa Windows yenyewe ndiyo inasumbua, anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Ya kwanza inahitaji intaneti.

Ikiwa haiwaki kabisa, izime kwa kitufe ikiwa katikati ya kuwaka, mara tatu mfululizo. Itakupeleka kwenye ukurasa wa ukarabati. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Uninstall Updates, utoe apdeti ya mwisho. Hiyo peke yake huokoa wengi. Ikikataa, hapo hapo kuna Command Prompt. Andika notepad, fungua File kisha Open, chagua uonyeshwe faili za aina zote, na utaona diski yako. Unaweza kunakili folda zako kwenda kwa flashi kutoka hapo. Mimi niliokoa video zangu hivyo hivyo, kwa programu ya kuandikia tu.

Umepanda toleo jipya na bado unasitasita? Zile siku 10 unaweza kuziongeza hadi 60, mradi ufanye hivyo kabla hazijaisha: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Halafu usiiguse Windows.old.

Kwa wenye saiba, au nyumba yenye mashine zaidi ya moja: kwa mipangilio ya Windows Update kuna Delivery Optimization. Ikiwashwa kwa mtandao wa ndani, mashine moja ikipakua, zingine zinachukua kutoka kwake. Bando linaliwa kidogo. Na kama intaneti yako ni hotispoti, iambie Windows kwamba huo mtandao unalipiwa kwa kipimo, haitashusha toleo zima bila ruhusa yako.

La mwisho, na hili ni la huku kwetu: usibonyeze kuwasha upya usiku wa upepo na mvua, betri ikiwa chini, na kazi ya mtu ikiwa humo ndani. Fanya mchana. Chaja kwa ukuta, betri imejaa, kazi imeshakabidhiwa.

Nilipofikia

Laptopu yangu ya kazi sasa iko kwa Windows ya kawaida, ile ya watu wote, na sitaitoa huko. Mwaka huu nilinunua mashine ya pili kutoka kwa saiba iliyokuwa inafunga, shilingi 7,500. RAM ni GB 4, diski ni GB 128 na kibodi imepoteza herufi mbili. Hiyo ndiyo ya majaribio. Haina picha yangu hata moja, haina neno la siri la M-Pesa wala la benki. Apdeti ikija naichoma hotispoti, nahesabu megabaiti, na siku nyingine nachomoa chaja makusudi nione inajirudishaje. Kila kikivunjika nabonyeza Windows na F, Feedback Hub inafunguka, naandika nilichofanya hatua kwa hatua na kilichotokea. Naandika kwa Kiingereza cha kawaida tu. Halafu natafuta kama kuna mwingine amesema hivyo hivyo, naunga mkono, ili isizame.

Mzee akinikuta nayo bado ananiuliza, "Hao watu wameanza kulipa?" Namwambia bado, Baba. Anatikisa kichwa. Lakini haulizi tena kuhusu ng'ombe wake, kwa sababu anaona ile nyingine iko mezani, inafanya kazi.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ya kulala, bonyeza Windows na R, andika winver. Mfanyie na mama yako, na mwalimu wa mtoto wako, na yule dada wa duka la M-Pesa. Ukikuta tarehe hapo ambayo hakuna aliyewaambia, niandikie hapa chini ni mashine gani na iliwekwa vipi. Usitaje jina la fundi, hatuko hapa kuaibishana. Tunataka tu kila mtu ajue kama yuko kazini.